Kirangozi Hapitwi

Kambi ya Reli,
Kaliua.
Jumapili, mchana.

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwalimu Paulo, wewe katekista wetu unayemsomea, simama hapa kwanza mpaka Babu aitikie, maana namjua, huitafuna salamu kama anavyotafuna tumbaku yake ndipo aitoe marahaba. Akishaitikia, endelea.

Vipi mguu wako wa kushoto, Babu? Umeacha kukuuma sasa mvua zimekwisha? Na mtama je? Kuna mtu alipita hapa akitokea Nzega, akasema ndege wale kwelea kwelea walishuka Puge wakala mashamba mpaka watu wakachoka kupiga madebe. Tangu siku ile chakula hakinishuki vizuri. Kama ni uongo niambie upesi, na kama ni kweli niambie pia. Mimi mwili ni mzima. Nimesema mwili tu, na utaona kwa nini.

Mwalimu Paulo, kama Mama amekaa hapo, mtume kisimani. Sema una kiu na maji ya mtungini huyataki. Kuna maneno ya damu humu ndani, na wewe unajua alivyo tangu tulipomzika Baba. Salamu zake ziko mwisho, utamsomea akirudi.

Babu, Kondo amefariki. Ni yule mtani wangu Mzaramo niliyekuwa nikikuandikia habari zake, aliyenilaza chumbani mwake nilipofika hapa sina hata mkeka. Tumemzika Tabora. Na mimi nimechaguliwa kwenda Nairobi kukimbia mbio za maili moja kwa niaba ya Tanganyika nzima, nafasi ambayo mwaka jana ilikuwa yake. Bwana wa michezo ataka jibu langu atakaporudi kutoka Kigoma, mwisho wa mwezi. Sijamjibu. Nimeyasema yote mapema kwa sababu wewe husema habari mbaya haivishwi shanga. Sasa nitakueleza ilivyokuwa, kisha unihukumu niende au nisiende. Hapa hakuna awezaye kunihukumu, kwa kuwa hapa hakuna aliyebeba mzigo katika misafara ya zamani.

Nilipokuandikia kwamba nasukuma toroli, ulijibu hujui toroli ni mnyama gani. Ni kama kitanda cha mbao chenye magurudumu manne ya chuma, kinakaa juu ya reli. Bwana mkaguzi wa njia huketi juu yake na mwavuli wake, akitazama mataruma yaliyooza na misumari iliyolegea. Sisi tunasukuma kwa nyuma, tunakimbia pekupeku juu ya reli yenyewe, mguu mbele ya mguu, maana pembeni ni kokoto tupu. Asiyezoea huanguka kabla ya daraja la kwanza. Jua likipanda reli huwaka, na ukisimama kupumzisha nyayo mbung'o wanakungoja kivulini. Watu wengi huikimbia kazi hii. Mimi niliiweza, sijui kwa nini, labda kwa sababu tangu utotoni ulitutembeza kwa mstari.

Penye kona au mteremko mtu mmoja hutangulia mbele na bendera nyekundu, gari la moshi lisije likatukuta. Mtu huyo alikuwa Kondo. Sheria ya reli ni kwamba toroli haliipiti bendera. Yeye akisimama, nasi tunasimama, akiikunja, tunakwenda. Siku ya kwanza nilipomwona mbele yetu anakimbia na bendera begani nilicheka peke yangu, nikasema, kumbe kirangozi hakufa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitusimulia? Kirangozi, mtangulizi wa msafara mwenye bendera, ndiye aliyejua maji yalipo na njia ya kuwakwepa wenye vita, kwa hiyo hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumpita, hata awe na nguvu kiasi gani. Aliyempita alichomolewa mshale mmoja kwenye podo lake, na jioni kambini mshale ule ulimshitaki mwenyewe, akatozwa faini. Wewe ulichomolewa wako njia ya Uvinza, kwa ujana tu. Njia ilifunguliwa siku moja pekee: kirangozi mwenyewe alipoingia kando na kuichomeka bendera chini. Nasi wajukuu zako tulipokwenda shamba hatukuthubutu kukupita. Doto alikupita mara moja, ukamrudisha mpaka mlangoni aanze safari upya, na jua lile.

Basi Kondo. Mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, shingo ndefu, kicheko kikubwa kuliko kifua chake. Alikuwa bingwa wa maili katika Jimbo zima la Magharibi, na kila mtu katika njia hii ya reli alimjua, hata wauza karanga. Utani wetu na Wazaramo unaujua ulikotoka, ni huko huko pwani ambako ninyi mlifika na mizigo mkalala uani kwao. Siku ya kwanza tu alinitazama kichwa, akasema, "Ewe Mnyamwezi, hapo utosini mbona bapa? Nani kakutua mzigo?" Nikamjibu kwamba nimekuja kuchukua deni la babu yangu, maana alipolala kwao walikwenda ngomani wakamwacha na njaa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Usiku ule akanipa nusu ya mkeka.

Yeye ndiye aliyeona kwamba naweza kukimbia. Tulikuwa tunarudi kambini, Bwana ameshashuka, toroli jepesi. Nikasukuma kwa nguvu kwa furaha ya kwenda kula. Kondo akageuka akanitazama miguu. "Weye unakimbia kama umeiba kuku," akasema, "lakini kuku humwangushi. Kesho alfajiri njoo bila toroli."

Tukawa tunakimbia kila alfajiri kabla ya kazi kwenye ile njia ya zamani ya misafara. Bado ipo, Babu, sambamba na reli, imezama chini kama mfereji mahali ambapo nyayo zenu ziliichimba, na nyasi hazioti katikati. Kondo mbele na bendera ameikunja mkononi, mimi nyuma. Alinifundisha kwamba maili haikimbiwi kwa miguu peke yake. Mzunguko wa kwanza, alisema, ni wa wajinga, waache wajimwage. Wa pili ni wa kutafuta mahali pa kukaa: nyuma ya bega la nje la mtu wa mbele, usijitie kati yake na mstari, watakuziba kama maji ya bwawa. Wa tatu ndio unaoua watu, kwa sababu hakuna anayekushangilia. Wa nne ni wa mwenye akiba.

Asubuhi moja alipunguza mwendo makusudi. Nami nikapunguza. Akapunguza tena mpaka tukawa tunatembea. "Pita!" akasema. Nikakataa. "Una wazimu? Pita, nikuone mgongo!" Nikamwambia kirangozi hapitwi, nikamweleza habari ya mshale wako. Aliketi njiani akacheka machozi yakamtoka. "Ninyi Wanyamwezi mtakuja kutuua," akasema. Kisha akainuka, akaingia kando kwenye nyasi, akaichomeka bendera ardhini, akainama kama mbele ya mtemi. "Haya, Bwana Mpagazi. Njia yako." Ndipo nikapita.

Tangu siku ile ukawa mchezo wetu. Kila tulipofika karibu na mwisho aliingia kando, akachomeka bendera, akanisujudia, mimi nikachomoka. Asipofanya hivyo sikupita, hata anitukane. Nilikuwa nimeshaona zamani kwamba nina nguvu kumzidi. Sikumwambia, na nadhani alijua.

Mashindano ya kwanza yalikuwa hapa Kaliua, siku ya michezo ya watu wa reli, kwenye uwanja ambao asubuhi yake tulifukuza mbuzi. Kondo wa kwanza, mimi wa pili. Tukapelekwa Tabora kupambana na polisi na askari. Wale hula nyama na wana viatu vya misumari, sisi tuna ugali na nyayo zetu. Kondo wa kwanza, mimi wa pili. Tukaja tukapambana na wanafunzi wa sekondari, vijana warefu wenye kaptula nyeupe zilizopigwa pasi; ikawa hivyo hivyo. Watu wakanipa jina la Mkia. "Mkia wa Kondo huyo!" walipiga kelele, na watoto wakanifuata hadi stesheni. Bwana wa michezo alimwuliza Kondo kama kijana wake hajui kuwa wa kwanza. Kondo akamjibu kwamba Wanyamwezi wameumbwa kutembea nyuma. Mzungu hakujua kuwa ni utani, akatikisa kichwa kwa huruma.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda Kondo, askari Mnandi kutoka Kenya. Ni mtu mrefu, mkavu, mpole, na amekimbia mpaka Ulaya. Mwaka jana alimwachia Kondo mizunguko yote, akakaa nyuma yake ametulia, kisha katika kona ya mwisho akampita kama amesimama. Kondo hakulala vizuri tangu hapo. Mwaka huu tukasikia kwamba Mnandi anakuja tena Tabora.

Sasa nakuja kwenye kikohozi, Babu. Alikuwa anakohoa tangu masika. Alisema ni vumbi la kokoto. Nilimwona akitemea kwenye nyasi na kufukia kwa mguu haraka, nikadhani ni adabu za pwani. Nilimtania. Nilisema Mzaramo akikohoa huita ngoma. Naye akasema, "Nikifa usinizike weye, utanibeba kichwani unipeleke Ujiji kuniuza." Kati ya watani mtu atajuaje lililo kweli? Angekuwa ndugu yangu wa tumbo moja ningemburuta hospitali. Lakini akisema "nakufa," mimi kwa desturi namjibu "kufa upesi nirithi mkeka," na ndivyo nilivyomjibu, wala hakuna mtu kambini aliyeona ajabu.

Tulipanda gari la moshi kwenda Tabora, behewa la tatu, tumebanwa na madebe ya asali. Kondo akachora uwanja kwa kidole kwenye vumbi la dirisha. Alisema mbio za mwisho za Mnandi ni kama maji ya kibuyu, ukimlazimisha ayamwage njiani hatafika nayo. Kwa hiyo yeye Kondo atashika mbele tangu mwanzo, na mzunguko wa pili na wa tatu atakwenda kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Mnandi atalazimika kufuata. Mimi nikae begani tu, nisifanye lolote. "Kengele ya mzunguko wa mwisho ikilia mimi nitakuwa nimekwisha," akasema. "Hapo nipite uende. Mshindi ni weye leo."

Nikamwuliza, "Utanipisha?"

"Nitakupisha, mpagazi mjinga weye. Hata bendera nitakuchomekea."

Tulicheka. Mama mmoja, mwenye asali ile, naye akacheka, ingawa hakujua tunacheka nini.

Uwanja wa Tabora siku hiyo ulikuwa umekauka, mistari ya chokaa inapeperuka na upepo. Watu walikuwa wengi, Waarabu na Wahindi na familia zao, Mapadre, watu wa Isikizya waliokuja kwa baiskeli. Bastola ikalia. Wanafunzi wawili wakatoka mbio kama Kondo alivyotabiri, wajinga wa mzunguko wa kwanza. Tukawapita kabla haujaisha. Kisha Kondo akashika mbele, na Babu, nakuambia kweli, sijapata kuona mtu anakimbia vile. Kila alipofika kwenye kona aliongeza. Polisi wakaachwa. Askari wetu wakaachwa mmoja mmoja. Mzunguko wa tatu tulibaki watatu, Kondo, mimi begani kwake, na nyuma yangu nikasikia pumzi ya Mnandi. Ilikuwa pumzi ya mtu anayefanya kazi. Kibuyu kilikuwa kinamwagika. Mimi mwenyewe nilikuwa mwepesi, nimejaa, miguu inaniuliza tunangoja nini.

Kengele ikalia.

Nikangoja aingie kando. Hakuingia. Nikasema labda anataka tumalize kona kwanza. Kona ikaisha. Akaendelea kwenye mstari ule ule wa ndani, kichwa kimeinama upande, mikono inapanda juu. Nikasema atanipisha sasa. Ningeweza kumzunguka kwa nje kama mtu anavyozunguka mti. Miguu ilitaka. Lakini kuna kitu mwilini mwangu, Babu, ambacho ni wewe uliyekiweka, kilichosema mwenye bendera hajaingia kando. Na katikati ya upande ule wa mbali, Mnandi alipoona hakuna anayekwenda, akazunguka yeye. Alitupita wote wawili taratibu, amechoka, akanitazama usoni akipita.

Hata hapo sikutoka. Nilibaki nyuma ya Kondo mpaka kona ya mwisho, ambapo magoti yake yalikunjika akaanguka juu ya chokaa.

Nikamruka.

Sikiliza hapa, Babu, maana hapa ndipo ninapoomba hukumu. Niliporuka juu yake nilifurahi. Njia ilikuwa wazi. Nilikimbia kama nilivyokuwa nataka kukimbia tangu siku ya kwanza, nikasikia uwanja mzima unanguruma, na mgongo wa Mnandi ukawa unakuja kwangu wenyewe. Tungekuwa na urefu wa nyumba moja zaidi ningempata. Alinishinda kwa kifua tu. Nilivuka nikicheka. Halafu nikageuka, nikaona watu wameinama kwenye ile kona, na chokaa imekuwa nyekundu.

Mnandi alinishika bega. Kiswahili chake ni cha jeshi, kifupi. "Kijana," akasema, "wewe ulikuwa na nguvu. Ulikuwa unamngoja nani?"

Walimpeleka hospitali kwa gari la Bwana wa michezo. Damu ilikuwa imetoka kinywani kwa wingi, kisha ikapungua. Daktari alisema pafu moja limekwisha kuoza zamani, na la pili limeanza. Akauliza nani alimruhusu mtu huyu kukimbia, na sote tukatazama chini. Alisema pia kwamba mbio hazikumwua, asingefika mwaka mwingine, zilimharakisha tu. Alidhani ananifariji. Lakini mtu akiwa amebakiwa na kidogo, kidogo hicho ndicho mali yake.

Jioni waliniruhusu nikae naye. Alikuwa mdogo ghafla, shingo tu na macho. Nikadhani atanitania. Akaniuliza polepole, "Mbona hukunipita?"

Nikasema, "Hukunipisha."

Nesi akaja akapangusa kidevu chake akaondoka.

"Nilikuwa sioni, Mihayo," akasema. Hakuwa ameniita kwa jina langu hata siku moja. "Tangu kengele sikuona mstari wala watu. Nilisikia nyayo zako tu nyuma. Nikasema, akipita naketi. Akipita tu naketi. Kila hatua nikasema, sasa atapita." Akapumua. "Ningekuacha vipi mbele ya Mnandi, nawe hujapita?"

Yeye alikuwa anakimbia kwa sababu mimi sijapita, na mimi sikupita kwa sababu yeye anakimbia. Tungeendelea vile mpaka Ujiji.

Kisha nikaona mdomo wake unatetemeka, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Nilisema mimi," akasema. "Nilisema ninyi Wanyamwezi mtakuja kutuua." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nesi akanifukuza. Asubuhi nilipoleta uji kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Kuna Mzaramo mmoja mzee mpishi wa stesheni, anaitwa Mzee Pazi. Ndiye aliyesimamia mazishi, kwa kuwa ndugu wako mbali, Kisarawe. Wanyamwezi tulichimba kaburi, kama watani wanavyopaswa. Jeneza lilipofika Mzee Pazi akasema kwa sauti, "Mtani wa marehemu yuko wapi? Mtu haendi kimya kimya kama paka." Watu wakanisukuma mbele. Nilikuwa sina utani hata mmoja kichwani. Nikafanya nilichokuona ukifanya alipokufa yule Mzaramo fundi cherehani wa Nzega. Niliingia kaburini nikalala chali. Nikasema kaburi hili nimelichimba mimi ni langu, Mzaramo mrudisheni pwani akaliwe na kaa, ni mvivu huyu, amelala mapema watu wako kazini.

Walicheka sana. Wakaniomba nitoke, nikakataa, kama desturi. Wakanitupia vitu vya kunilipa, nikakataa. Wakacheka zaidi. Lakini Babu, nilikuwa sitanii tena. Udongo ule ulikuwa baridi mgongoni na mbingu ilikuwa ndogo, nami sikutaka kutoka. Nilitaka wamwache nje, nibaki mimi. Wote walidhani ni utani mzuri. Mzee Pazi peke yake ndiye aliyeacha kucheka. Alichuchumaa ukingoni, akateremsha ile bendera nyekundu ya toroli iliyokuwa imelala juu ya jeneza, akaniwekea kifuani. "Hii ndiyo malipo yako," akasema. "Toka sasa, mjukuu wangu. Mpishe mwenzako apite."

Nikatoka.

Tangu hapo Bwana mkaguzi amenipa mimi kazi ya kutangulia mbele ya toroli. Wenzangu wanasimama nikisimama. Wanaona ni cheo. Asubuhi njia ya zamani naipita peke yangu, natembea, sikimbii. Nikijaribu kukimbia nasikia nyayo nyuma yangu, nageuka hakuna mtu. Bwana wa michezo anasema Nairobi nitamshinda Mnandi, hata Mnandi mwenyewe kasema hivyo. Mzee Pazi anasema nisipokwenda nitakuwa nimemwua Kondo mara mbili. Wengine wananong'ona kwamba nilimruka mwenzangu ili nichukue nafasi yake. Wote hao hawajui habari ya mshale. Wewe unaijua.

Mwalimu Paulo, Mama amerudi? Basi msomee: Mama yangu, shikamoo, mwanao nakula vizuri na nguo ninazo, usiniwazie. Dada Nyamizi, mpe pole ya mtoto, na umwambie mume wake anipelekee ile nyundo yangu kwa mjomba Lubinza mhunzi. Mjomba nampa shikamoo zake na za mkewe. Doto ndugu yangu namsalimu sana; mwambie kwamba alikuwa na haki siku ile. Shangazi mganga wa watoto asinitumie dawa ya kifua, mimi sikohoi. Wazee wote wanaokaa na Babu kuvuta kiko, mwangaluka kwao.

Nilitaka kukunja karatasi hapa, Babu, lakini swali langu bado sijaliuliza sawasawa. Ulitufundisha faini ya mtu anayempita kirangozi. Ulitufundisha vizuri, sijaisahau. Lakini katika safari zenu zote, kirangozi alipofumba macho akiwa bado anatembea, na watu wote nyuma yake wakangoja aingie kando, aliyekuwa wa pili alitozwa nini? Uliza na wenzako waliobaki hai. Kama faini ipo, itaje nilipe. Kama haipo, itunge wewe, kwa maana sitamjibu Bwana wala sitaishika njia ya Nairobi mpaka mtu mmoja wa misafara anichomoe mshale wangu.

Ni mimi mjukuu wako,
Mihayo,
wa pili.